Je, Aliyesimuliwa Filamu Ameiona? Mjadala wa Watu Watatu wa Gungu, Kigoma

MSOMAJI (mwalimu mstaafu): Mimi sina ugomvi na filamu, wala simhesabu mtu aliyeketi gizani saa mbili akitazama picha zikienda na kurudi kuwa ameupoteza umri wake. Ninachokikataa, na nitakikataa maadamu ningali na ulimi, ni dai la vijana wetu wa Gungu kwamba wameiona filamu fulani na kwamba wanayo maoni juu yake, ilhali walichokipata ni sauti ya mtu mmoja aliyekaa juu ya sauti za waigizaji wote, akawanyamazisha, akasema badala yao maneno ambayo aghalabu hayakumpitia mtunzi hata ndotoni. Mtu huyo humpa shujaa wa Kichina jina la Kiha, humzushia jambazi wa Marekani shemeji aishiye Mwanga, na huapa kuwa gari lile jekundu lilinunuliwa kwa fedha za migebuka. Watazamaji hucheka, nami labda ningecheka. Lakini asubuhi wanaponijia barazani na kunihakikishia kuwa filamu ile ni nzuri au ni mbaya, huwauliza: filamu ipi? Ile iliyotengenezwa, au ile iliyosemwa?

MWENYE BANDA (la kuonyeshea filamu): Mwalimu, kwa heshima zote ulizo nazo kwangu tangu uliponifundisha kuandika jina langu, nitakujibu kwa swali. Mwezi mzima sasa unatembea na kitabu cha Peponi kwapani, na kila anayekupa salamu humweleza habari za Yusuf aliyewekwa rehani na babake kwa deni la tajiri Aziz. Abdulrazak Gurnah alikiandika kitabu hicho kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994. Wewe umekisoma kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis, kilichotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, baada ya mtunzi kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Kila neno ulilolisoma limepita kwanza katika kinywa cha mwingine. Mbona hakuna aliyekusimamisha sokoni akakuuliza: Mwalimu, umesoma kitabu kipi?

MSOMAJI: Kwa sababu mfasiri yule amepokea amana na ameirudisha. Jina lake limo kitabuni, hesabu yake iko wazi, na mtu yeyote mwenye shaka na mwenye Kiingereza aweza kuviweka vitabu viwili sambamba juu ya meza moja, mstari kwa mstari, akamshitaki palipo na hitilafu. Hakuna mahali ambapo amechoka na maneno ya Gurnah akatia yake, wala hakumwambia msomaji kwamba tajiri Aziz ana duka la nguo barabara ya Lumumba. Msimulizi wako hana wa kumhukumu, kwa kuwa asili ya jambo ameizima kwa kitufe cha sauti. Mfasiri ni mtumishi wa maneno ya mwenzake. Msimulizi wako ni mpangaji aliyemtoa mwenye nyumba nje.

MWENYE BANDA: Taibu. Lakini tazama ni nani wamo katika nyumba hiyo. Mbalamwezi inapowaka, dagaa hawaifuati taa, vipe vya kuvulia hubaki ufukoni, na mabaharia hawana kazi usiku. Hapo ndipo banda langu hujaa hata watu wakaketi juu ya madumu. Wengi wao waliliacha darasa mapema kuifuata kamba ya nyavu. Kuna Waha waliotoka Kasulu, kuna Wabembe na Wafulero waliotoka ng'ambo ya ziwa, na wote hukutana katika Kiswahili, si katika kitu kingine. Wewe wataka niwawekee filamu ya Kichina yenye maandishi ya Kiingereza chini yake, yapitayo upesi kuliko jicho la profesa, kisha niwaambie: staladhini! Huko ni kumfungia mtu milango miwili kwa makufuli mawili na kumwuliza mbona haingii. Lufufu wa Dar es Salaam aliliona jambo hili tangu zama za kanda za VHS, akatia sauti yake, akavuma nchi nzima. Kenya wanaye DJ Afro. Uganda wanao akina VJ Jingo. Watu hawa hawakuteuliwa na serikali wala na chuo. Wameteuliwa na haja.

(Mwandishi wa mjadala huu aomba nafasi ya mabano. Jambo hili halikuanzia vibandani. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mpango wa wakoloni uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, wa kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba, na kuzizungusha kwa lori Tanganyika na nchi jirani. Nazo filamu hizo hazikuwa na sauti za waigizaji, bali maelezo yalitolewa kwa kipaza sauti katika lugha za wenyeji. Kwa hiyo sauti ya mtu mmoja juu ya picha za watu wengi ilitufikia kwanza ikiwa amri, ndipo baadaye ikawa burudani. Kila mmoja aitumie habari hii apendavyo.)

MSOMAJI: Mimi naitumia hivi: wale wa Vugiri walisema juu ya picha zisizo na sauti. Na Wajapani nao, filamu zilipokuwa bubu, walikuwa na wasimulizi wao waliosimama kando ya pazia, wakiitwa benshi, wenye sifa kubwa mjini kushinda hata waigizaji. Filamu zilipopata ulimi wao wenyewe, benshi wakaondoka mmoja mmoja. Hiyo ndiyo insafu. Wewe umepewa filamu yenye ulimi, ukaukata, ukashona wako.

MWENYE BANDA: Na wale benshi walipoondoka, Mwalimu, waliondoka kwa furaha?

MSOMAJI: Hilo si hoja.

MWENYE BANDA: Kwa mwenye banda ni hoja.

MCHUUZI WA DAGAA: Nimewasikiliza nikidhani mtafika, lakini naona mmoja wenu atetea meza yake na mwingine atetea mlango wake. Mwalimu wangu, kitabu chataka kiti, taa na moyo uliotulia. Mimi naamka alfajiri kuwahi boti zikiingia Kibirizi, naanika mchana, nageuza, nafukuza kunguru, nafunga magunia jioni, na usiku nina watoto. Nawe mdogo wangu, banda lako silijui ndani, kwa kuwa mwanamke akionekana akitoka humo saa nne ya usiku, kesho yake husimuliwa yeye. Basi mnapojadili kama aliyesimuliwa filamu ameiona, mniulize na mimi ambaye nasimuliwa na mwanangu kile alichosimuliwa na msimulizi wako. Mimi ni mkono wa tatu. Je, maoni ninayo, au sinayo?

MSOMAJI: Mama, unayo, lakini ni maoni juu ya mwanao.

MCHUUZI WA DAGAA: Basi yasikie. Mwanangu alinisimulia habari ya mtu aliyelipiza kisasi cha ndugu yake kwa kuwaua watu thelathini, nikamwuliza: mke wa yule ndugu yuko wapi katika habari hii, nani anamlisha? Akasema, mama, hayumo. Nikasema, basi mtunzi hakumaliza kazi. Mwalimu, hayo ni maoni juu ya mwanangu au juu ya filamu?

MSOMAJI: Nimenyamaza, si kwa kushindwa. Labda msimulizi ndiye aliyemwacha mjane; labda filamu yenyewe ilimtaja, sauti ikazimwa. Hapo ndipo ugonjwa ulipo: hatuna njia ya kujua ni nani aliyekosea, na kosa lisilo na mwenyewe haliwezi kusahihishwa. Nisichukuliwe kuwa mtu anayevikweza vitabu vyote na kuzidharau filamu zote. Katika ujana wangu nilisoma Elvis Musiba na Willy Gamba wake, nikasoma Ben Mtobwa, mwana wa Kigoma hii hii aliyefariki mwaka 2008, ambaye Joram Kiango wake alikuwa akirukaruka kama hao mashujaa wa bandani, risasi zikimkosa kwa adabu. Nilivisoma nikivificha ndani ya Kusadikika, ili mwalimu mkuu asione. Lakini hata katika mchezo ule, Mtobwa alikuwa akinisemesha yeye mwenyewe. Nikiona sentensi imelegea, najua ulegevu ni wake. Nikiona imekaza, sifa ni yake.

MCHUUZI WA DAGAA: Mtobwa nami nimemsoma. Abiria mmoja alikiacha kitabu chake katika boti, nacho jalada hakuna na kurasa za mwisho hakuna. Nikakisoma mchana nikingoja jua liwakaushe dagaa, kipindi kile cha mwaka 2024 serikali ilipolifunga ziwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hata 15 Agosti, nami nikiwa na akiba ya magunia machache tu ya kupepeta. Mwisho wake niliutunga mwenyewe. Mpaka leo sijui kama yule Joram alimpata adui yake au la, lakini katika kitabu changu mimi amempata, tena amepata na homa ya ziwa akalala wiki nzima, maana hakupumzika tangu ukurasa wa kwanza.

MWENYE BANDA: Mama! Wewe ni msimulizi!

MSOMAJI: Hasha. Yeye anajua mahali kitabu kilipokomea na mahali alipoanzia yeye. Mpaka ule ndio ninaoutaka mimi, wala sitaki kingine.

MWENYE BANDA: Mpaka, mpaka! Haya, nikupe kisa cha mpaka. Niliwahi kuonyesha The African Queen, ile filamu ya mwaka 1951 ya John Huston, yupo Humphrey Bogart mlevi wa mashua na Katharine Hepburn dada wa mmisionari, wakati wa vita vya Wajerumani. Wanashuka mto, wanaumwa na ruba, wanapendana, na mwishowe mashua yao yenye mabomu inaizamisha manowari ya Kijerumani iliyotawala ziwa. Filamu nzuri, sikatai. Lakini manowari ile imetungwa kwa mfano wa nini? Wa Graf von Götzen, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na hapa kwetu kwa reli, ikaungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Waliotengeneza filamu hawakukanyaga Kigoma. Walipiga picha zao Kongo ya Wabelgiji na Uganda, wakamalizia studio London. Sasa sikiliza. Filamu ilipofika mwisho na meli ikalipuka, msimulizi wangu, ambaye babake alikuwa fundi wa bandari, akasema: "Jamani, msiamini. Hakuna mlevi aliyeizamisha. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wakikimbia, mitambo wakiipaka grisi kwa tumaini la kurudi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, nayo ndiyo iliyombeba bibi yako kwenda Kasanga." Banda zima lilisimama. Sasa, Mwalimu, unifafanulie: usiku ule, mwaminifu alikuwa nani? Hollywood iliyosema uongo kwa picha za rangi, au mpangaji wangu aliyemtoa mwenye nyumba nje?

MSOMAJI: Kisa kizuri, na ningetoa nauli ya kwenda Kasanga niwe nimekisikia usiku ule. Lakini hujakimaliza, na sababu ya kutokimaliza ni kwamba msimulizi wako hakukijua. Filamu ile imetoka katika riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935. Katika riwaya, mlevi yule na bibi yule hawaizamishi meli. Tufani yaizamisha mashua yao kwanza, wanakamatwa, na meli ya Kijerumani yamalizwa na boti za jeshi la Uingereza. Huston aliugeuza mwisho ili watazamaji watoke na furaha. Kwa hiyo pana habari tatu: ya kitabu, ya filamu, na ya ziwa letu. Watu wako walizipata mbili, tena ya pili kwa bahati, kwa kuwa babake msimulizi alikuwa fundi. Lau angekuwa mwana wa muuza vitumbua, wangetoka bandani wakiamini kuwa Liemba imelala chini tangu vita. Ukweli wa bahati si ukweli wa kujengea mji.

MCHUUZI WA DAGAA: Na riwaya nayo ilikuwa ya kweli?

MSOMAJI: Riwaya haikudai.

MCHUUZI WA DAGAA: Filamu ilidai?

MWENYE BANDA: Endelea, mama, endelea hapo hapo.

MCHUUZI WA DAGAA: Sina haja ya kuendelea, namwachia yeye.

MSOMAJI: Nakubali kwamba mtunzi ana ruhusa ya kubuni na kwamba filamu ina ruhusa kama hiyo. Ninachokitafuta ni mtu aweze kurudi. Kitabu hukuruhusu kurudi ukurasa wa kumi kutazama kama mtu aliyesema hivi ukurasa wa mia alisema vile mwanzoni. Sauti ya bandani hupita kama ilivyopita, na ukimwuliza msimulizi kesho, atakupa habari nyingine.

MWENYE BANDA: Turudi basi, kwa kuwa wapenda kurudi. Turudi Ujiji, mwendo mfupi kutoka hapa tulipokaa. Henry Morton Stanley alikutana na Livingstone pale mwaka 1871, akaandika kitabu kinene kilichotoka mwaka uliofuata, na dunia nzima ikakariri salamu aliyodai kuitoa. Kitabu, Mwalimu, si filamu. Na kurasa za shajara yake za siku ile zimechanwa, hazipo. Nani angeweza kurudi? Mwaka 1939 Hollywood ikaja ikatengeneza filamu yake na Spencer Tracy, ikatia na mapenzi ambayo hayakuwako, na tangu hapo watalii wanaokuja kwenye jumba la makumbusho wanakuja kuangalia nusu kitabu na nusu filamu. Kitabu kikiwa na jalada gumu, uongo wake huishi miaka mia na hamsini. Uongo wa msimulizi wangu hufa alfajiri.

MCHUUZI WA DAGAA: Kumbe na Stanley naye kurasa zimechanwa. Tuko wawili.

MSOMAJI: Umenipiga mahali penye maumivu, bwana mdogo, nami sitajikausha. Stanley alikuwa mtu wa kujipamba. Lakini tumejuaje kwamba alijipamba? Kwa kusoma: kwa kuweka kitabu chake kando ya barua zake, na barua zake kando ya shajara, na kuona pengo. Pengo la karatasi huonekana; pengo la sauti halionekani. Na usisahau ya kwamba wenyeji wa njia ile nao walishika kalamu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, alizieleza safari zake za Tabora, Ujiji na Manyema kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kabla ya kufa Zanzibar mwaka 1905. Mimi nikimsoma humo namsikia mwenyewe: kiburi chake, hesabu zake za pembe, dharau yake. Hakuna aliyemzimia sauti. Na kwa kuwa hakuna aliyemzimia sauti, naweza kumhukumu kwa maneno yake.

MCHUUZI WA DAGAA: Na waliozibeba pembe hizo?

MSOMAJI: Hawakuandika.

MCHUUZI WA DAGAA: Lakini walisema. Wamanyema wamejaa Ujiji, na wanajua bibi zao walifikaje. Hawakuipata habari hiyo katika kitabu cha Tippu Tip, kwa kuwa yeye humo anahesabu mizigo. Waliipata kwa mtu aliyekaa jioni akasema, na aliposahau akajaza, na alipoogopa akaruka. Mwalimu wangu, ukiondoa kila habari iliyopita katika kinywa cha mtu asiye na karatasi, sisi wengine hatutakuwa na habari yoyote. Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyemkimbilia Stanley kumwamkia kabla ya bwana wake kutoka, na Chuma, ambao pamoja na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone hata Bagamoyo: habari yao ingekuwaje kama wangeisema wenyewe, bandani, wakiitazama filamu ya Spencer Tracy?

MWENYE BANDA: Ningewalipa mara mbili.

MSOMAJI: Mama, swali lako ni zito, nami siliruki. Lakini nakuuliza nawe: hao wazee wa Kimanyema waliokuwa wakisema jioni, wangapi wamebaki? Tumewazika, na kila mmoja ameshuka na maktaba yake ambayo hakuna aliyeiandikisha. Mimi nilipokuwa kijana nilimjua mzee aliyesema babake alikuwa mpagazi; nilimwamkia kila siku nikienda skuli, wala sikumwuliza kitu, kwa kuwa nilidhani yuko. Sauti hukudanganya kwa namna hiyo: hukufanya udhani iko.

(Hapa palikuwa na kimya kidogo, ambacho msomaji wa mjadala huu asikichukue kuwa ni makubaliano.)

MSOMAJI: Basi tuache ya kale. Nina shitaka la karibu zaidi. Bwana mdogo, wewe wasema msimulizi yuko kwa haja, kwa kuwa filamu ni za lugha ya kigeni. Iko filamu ya Kiswahili, Kiswahili cha Unguja safi kisichohitaji mkalimani: Vuta N'Kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 na kupelekwa hata kwenye tamasha la Toronto, kutoka katika riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mtu asiyemtaka, akakimbia. Denge, mpigania uhuru anayeandamwa na askari wa Kiingereza. Mwajuma, rafiki asiyeogopa maneno ya watu. Kama wewe ni mtumishi wa haja, mbona filamu hiyo hatujaisikia Gungu?

MWENYE BANDA: Ilionyeshwa. Usiku mmoja.

MSOMAJI: Ukaipata wapi nakala?

MWENYE BANDA: Ilitoka ilikotoka.

MCHUUZI WA DAGAA: Mwalimu, usimsukume hapo, ana watoto.

MSOMAJI: Nitamsukuma, kwa kuwa nao waliocheza filamu ile wana watoto. Lakini kwanza amalize.

MWENYE BANDA: Niliionyesha bila msimulizi, nikimheshimu mtunzi kama utakavyo. Wengi waliondoka kabla ya nusu. Walisema watu wa humo wanatazamana mno. Lakini waliobaki, haki ya Mungu, hawakwenda kulala. Walibishana juu ya Yasmin: mmoja akasema amewafedhehesha wazazi wake, mwingine akasema wazazi ndio waliomfedhehesha, wa tatu, Mbembe mmoja ambaye hazungumzi kamwe, akasema dada yake aliozwa hivyo hivyo huko Fizi na kwamba yeye mwenyewe alikula mbuzi wa mahari. Mimi nilizima mashine, nikakaa nao gizani. Na nikufichulie jambo, Mwalimu: msimulizi wangu alikuwa amekaa nyuma, analia kwa hasira, kwa kuwa hakuwa na kazi. Akaniambia, "Hawa wameanza kusema wenyewe."

MSOMAJI: Umejishitaki na kujihukumu kwa kinywa chako! Ondoa msimulizi, na watu wanapata ulimi.

MWENYE BANDA: Theluthi yao wanapata ulimi. Wawili katika kila watatu wanakwenda nyumbani. Kesho yake nilipoweka ya Kichina na msimulizi, walirudi wote, na katikati ya mapigano yule msimulizi akasimama akasema: "Huyu binti mnayemwona anapigania asiozwe kama Yasmin." Haikuwa kweli, binti yule alikuwa jasusi. Lakini waliomkimbia Yasmin jana walimpokea leo bila kujua. Mwalimu, wewe ulifundisha miaka yote hiyo. Hukuwahi kuwapitisha watoto dirishani walipokataa mlango?

MSOMAJI: Niliwapitisha dirishani nikawaonyesha kwamba ni dirisha.

MCHUUZI WA DAGAA: Mimi huyo Yasmin nataka kumjua. Nimesikia jina lake mara nyingi kwa mchana mmoja kuliko nilivyolisikia jina langu. Katika riwaya, Mwalimu, anarudi kwao?

MSOMAJI: Sikwambii. Nitakuletea kitabu.

MCHUUZI WA DAGAA: Nikisome lini?

MSOMAJI: Basi sikilizeni, nina shauri. Mbalamwezi ijayo, vipe vikiwa ufukoni, nipewe nusu saa bandani kabla ya filamu. Nitasoma Peponi kwa sauti, tangu safari ya Yusuf kwenda bara na msafara wa tajiri, hata wavukapo ziwa kubwa. Maana ziwa hilo ndilo hili, na watu wa Gungu wana haki ya kusikia jinsi mtoto wa Unguja alivyoliwaza akiwa Uingereza. Sharti langu ni moja: msimulizi asitie neno. Nikikatizwa mara moja, nafunga kitabu.

MWENYE BANDA: Na sharti langu ni moja: msimulizi atie neno. Banda halijapata kunyamaza nusu saa tangu lilipoezekwa. Tena nani atalipa umeme wa nusu saa hiyo?

MSOMAJI: Kusoma hakuli umeme.

MWENYE BANDA: Taa unayosomea je? Na feni?

MCHUUZI WA DAGAA: Lete kitabu chanjani, mchana. Jua halina bili. Sisi wanawake tupo pale tangu asubuhi, mikono ina kazi na masikio hayana. Utakaa juu ya gunia, utasoma, nasi tutageuza dagaa. Na nikitaka kujua kwa nini mtoto huyo hakumtoroka tajiri tangu siku ile ya kwanza kituoni, nitakukatiza, Mwalimu wangu, wala hutafunga kitabu, kwa kuwa gunia ulilokalia litakuwa langu.

MSOMAJI: Kitabu kitakuwa changu.

MWENYE BANDA: Nami nitaleta kipaza sauti.